Baraza Lililogeuka Mkaa

"Toka hapo barazani uje uone mwenyewe! Usinijibu umechuchumaa kama bata anayetaga!"

"Mama Amoni, nimeshasema pole. Unataka niseme kwa lugha gani?"

"Pole inalishwa ng'ombe? Pole inafungwa mzigo ikawekwa kwenye hori? Njoo uone majani yangu ya mabingobingo yalivyoungua, mama. Yamekuwa rangi ya chai ya mkandaa!"

Atupokile akanyanyuka taratibu, brashi mkononi, magoti yakimlia. Glovu zake za mpira zilikuwa zimetoboka vidoleni tangu jana na vidole vilikuwa vyekundu kama vya mtu aliyemenya pilipili. Ng'ambo ya ua wa masale alisimama Winfrida, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Amoni, kitenge kifuani, panga kwapani. Shamba lake liko chini ya nyumba hii, kwenye mteremko, na kila kinachomwagwa juu humfikia yeye. Amelalamikia mengi katika maisha yake, lakini la leo lilikuwa na haki.

"Ni maji ya sabuni tu," Atupokile akasema, ingawa alijua si ya sabuni tu.

"Sabuni ya wapi? Hiyo ni kostiki soda! Mimi nisijue harufu ya kostiki? Kikundi chenu cha sabuni mkikoroga kule, huku kuku wanapiga chafya. Nina ng'ombe mwenye mimba, Mama Nsajigwa. Akitupa ndama, utakuja kukamuliwa wewe?"

Alikuwa na mengine ya kusema, na mazuri, lakini hapo ndipo macho yake yalipompita Atupokile na kutua barazani. Mdomo ukabaki wazi. Panga likaanguka.

"Ee Kyala! Baraza la Mzee Ambindwile! Limegeuka mkaa!"

Akasahau ng'ombe. Akachomoa simu kutoka kifuani, akaipitisha kati ya masale, akapiga picha. Akapiga na nyingine kwa kuwa ya kwanza ilikuwa na jani mbele. Kabla Atupokile hajapata la kumwambia, picha ilishapanda kwenye status ya WhatsApp ikiwa na maneno chini yake: *Wengine wakisubiri wakwe wanapaka vanishi, wengine wanapaka masizi. Kila nyumba na fasheni yake.* Na vikatuni vitatu vinavyolia kwa kicheko.

*

Mambo yalianza kwa nia njema, na hapo ndipo ubaya wake, kwani aliyeharibu kwa nia njema hana hata wa kumsukumia lawama.

Nyumba ile ya Kawetele ilikuwa ya meneja wa shamba la chai zamani, na baraza lake limeizunguka pande mbili, mbele na ubavuni, mbao za mvule tupu, nene kama mkate. Mzee Ambindwile, kijana wa kazi enzi hizo, alilisugua akiwa amepiga magoti bila kuruhusiwa kukalia hata ngazi yake. Alipokuja kuinunua nyumba, ikiwa imeshachakaa, aliweka kiti katikati ya baraza akakaa siku nzima bila kufanya lolote. Tangu hapo, neno lolote la heshima katika ukoo ule husemewa hapo. Na Jumamosi hii walikuwa wanakuja wakwe kutoka Mbeya mjini kumposa Tulia, binti wa mwisho wa mzee.

Lakini vanishi ya zamani ilikuwa imebanduka vipande vipande kama ngozi ya mtu aliyeungua uji. Bonasi ya chai ilipotoka, Atupokile akaacha kununua mabati ya jiko, akanunua makopo ya vanishi. Mzee alikuwa Lufingo kwa ndugu zake, kupanga nani aseme nini mbele ya wakwe. Atupokile akaona hii ndiyo nafasi: baba mkwe arudi akute baraza linang'aa.

Fundi mmoja wa mjini alimwambia vanishi ya zamani lazima itoke kwanza. Hakumwambia itolewe kwa kitu gani, na Atupokile hakuuliza, maana mwanamke wa kikundi cha sabuni anaulizaje kuhusu kutoa uchafu? Kostiki anaijua kama anavyojua chumvi. Inang'oa mafuta kwenye sufuria la msiba, itashindwa na vanishi? Akaikoroga kwenye maji ya moto, akaimwaga, akasugua kwa stilwaya za kusugulia masufuria. Vanishi ikatoka kama ukoko wa ugali. Jioni, mbao zikiwa bado mbichi kwa maji, alisimama akajisifu moyoni.

Asubuhi ziliamka nyeusi.

Mama mkwe wake, Bibi Ikupa, alisimama mlangoni mkono kiunoni, akasema neno moja la Kinyakyusa lisilofaa kuandikwa. Kisha akauliza kwa upole, na upole ule ulichoma kuliko lile neno:

"Mwanangu, ulimuuliza nani?"

"Nilitaka baba akirudi akute linang'aa, mama."

"Basi atakuta. Atafikiri tumepikia pilau juu yake."

Tulia yeye alilia moja kwa moja. "Wifi, wale ni watu wa mjini! Mama yake mchumba wangu anavaa viatu vyeupe! Atakanyaga wapi?"

Atupokile akarudi kusugua. Kutwa nzima alisugua kwa maji, akasugua kwa majivu, akasugua kwa kostiki tena akidhani haikutosha, na hiyo ya mwisho ndiyo iliyoshuka kwa Mama Amoni. Kila alivyosugua, weusi ulizidi kuingia ndani.

*

Hapa kuna jambo la kujua kuhusu nyumba ile. Siku hizi wengi wameiacha mila ya kutila, lakini Mzee Ambindwile hakuiacha. Mke wa mwana hakutani uso na baba mkwe. Haketi alipoketi, hasemi naye ana kwa ana, hamtaji jina, hapiti mbele yake, na hali naye chakula katika chumba kimoja. Mzee akitoka kwake hukohoa, na Atupokile akisikia kikohozi huzunguka nyuma. Tangu aolewe na Nelson hajawahi kupita mlango wa mbele. Anamjua mkwe wake kwa viatu, kwa kikohozi, na kwa mgongo. Si kwamba wanachukiana. Mtoto wake Nsajigwa alipozaliwa, mzee alimletea mkaza mwana maziwa kila asubuhi, akiacha kibuyu nyuma ya jiko na kukohoa ili ajue kimefika. Ndivyo heshima ilivyokuwa inatembea kati yao, kwa kuzunguka.

Kwa hiyo hata kuomba msamaha, Atupokile hakuwa na mdomo wa kuombea.

Picha ilifika Lufingo kabla ya chakula cha mchana. Mpwa mmoja alimwonyesha mzee akidhani ni kichekesho. Mzee aliitazama, akaomba miwani, akaitazama tena, akaaga ndugu zake katikati ya mazungumzo. Kesho yake asubuhi kikohozi kilisikika getini, na Atupokile akakimbilia jikoni na brashi yake.

Kutoka jikoni alisikia kila neno. Jiko ni la mbao na mbao zina nyufa.

"Nani aliagiza?" mzee aliuliza.

"Alitaka kukufurahisha, Baba Nelson," Bibi Ikupa akajibu.

"Nani aliagiza, nimeuliza."

"Hakuna aliyeagiza."

Viatu vikapanda ngazi, vikatembea barazani hadi kwenye kona, vikarudi. Atupokile alihesabu hatua zake moyoni.

"Tulia alie wakati wa kuagwa," mzee akasema, "asilie sasa. Naenda gereji kutafuta oili chafu. Nitalipaka lote, kama tunavyopaka nguzo za boma zisiliwe na mchwa. Kama ni jeusi, liwe jeusi lote, mtu asione mabaka."

"Oili chafu? Watu watakaa juu ya oili chafu?"

"Tutatandika mikeka." Akakohoa kidogo, kikohozi cha mtu anayetafuta neno, si cha kutangaza njia. "Na mwambie mke wa Nelson aende kwao Mpuguso akapumzike. Wakwe wakishaondoka tutazungumza."

Akapumzike! Kila mwanamke wa Rungwe anajua pumziko hilo. Unapumzishwa wiki, unapumzishwa mwezi, nguo zako zinafuata nyuma kwenye mfuko wa salfeti. Na Jumamosi, wanawake wa ukoo watakaposimama kupiga vigelegele, mtu atauliza mke wa Nelson yuko wapi, na mwingine atajibu kwa kuvuta midomo.

Alimpigia mumewe. Nelson anaendesha lori la chai, na alikuwa njiani kuelekea Dar.

"Ungesubiri nirudi," Nelson akasema, upepo ukivuma kwenye simu.

"Sasa nimeshindwa kusubiri. Ongea na baba."

"Kwa simu? Baba huyu unayemjua wewe?"

"Mimi simjui, Nelson. Hiyo ndiyo shida."

Mtandao ukakatika, au Nelson aliukata. Kwenye milima ya kule ni vigumu kujua.

*

Bibi Ikupa na Tulia walikwenda sokoni Tukuyu kutafuta ndizi na mchele wa wageni. Mzee alikwenda gereji. Atupokile akafunga begi lake. Alikuwa anavuka uwanja, begi begani, Mama Amoni alipoingia getini kama mvua ya mawe, ndoo mkononi.

"Ng'ombe amegoma! Nimemkatia yale ya pembeni yasiyoungua, ananusa, anageuza pua! Anaona yote yana sumu! Mmenimwagia, sasa nami nawamwagia!"

Akainua ndoo na kuirusha barazani. Yalikuwa makapi ya pasheni. Mama Amoni hutengeneza juisi ya pasheni ya kuuza sokoni, na makapi haya yalikuwa ya juzi, yamechacha, mbegu na maji yake ya njano yakitoa harufu ya kukunja uso. Yakatua katikati ya baraza jeusi, karibu kabisa na mlango wa mbele.

Alisubiri kutukanwa. Alikuwa amejiandaa vizuri kwa matusi. Ana akiba ya kutosha. Lakini Atupokile alikaa chini, palepale uwanjani, juu ya begi lake.

"Wewe," Mama Amoni akasema. "Hunijibu?"

"Umeshamwaga, dada. Imetosha."

"Hilo begi la nini?"

"Naenda Mpuguso. Kupumzika."

Hasira yoyote iliyokuwa imebaki kwa Mama Amoni ikakauka. Alitazama begi, akatazama ndoo, akatoa simu yake kifuani, akaitazama nayo, akairudisha.

"Ni kwa ajili ya ile picha?"

"Mzee aliiona Lufingo."

"Mimi niliweka utani tu jamani. Utani wa jirani. Nitaifuta."

"Ifute. Walioona wameshaona."

Atupokile akanyanyuka. Hata mtu anayefukuzwa hawezi kuacha uchafu mlangoni mwa watu; hivyo ndivyo mama yake alivyomlea. Akapanda barazani, akapiga magoti, akachukua kanga yake ya begani na kuanza kuyakusanya makapi. Akafuta mara moja. Akasimamisha mkono. Akafuta tena, kwa haraka, kama mtu aliyeona kitu kikitambaa.

"Mama Amoni. Njoo."

"Nije nipigwe?"

"Njoo uone!"

Chini ya makapi, ubao wa mvule ulikuwa umerudi. Si wote. Doa la ukubwa wa sinia, lenye kingo kama ramani, lakini ndani ya doa hilo ubao ulikuwa na rangi ya asali, mistari yake ikionekana mmoja mmoja. Kuzunguka doa, mkaa.

"Hee!" Mama Amoni akashika kidevu. "Pasheni zangu?"

"Ukali wake," Atupokile akasema. "Kikundini tukizidisha kostiki kwenye sabuni, tunaituliza kwa kitu kikali. Kostiki bado imo ndani ya ubao, dada! Imenywewa! Mimi nilikuwa naiongeza juu yake!"

"Sasa utapata wapi pasheni za kuosha baraza zima? Ni shamba zima hilo."

"Limau?"

"Malimau ya nani? Watakutajia bei ya hospitali." Uso wa Mama Amoni ukapita mambo mengi, maana alikuwa na kitu, na alikuwa anapigana nacho. "Ninao sitriki," akasema hatimaye. "Ule unga mkali kama limau. Natia kwenye juisi isiharibike. Nina kopo zima, la kunifikisha mwisho wa mwezi."

"Nisaidie."

"Na ng'ombe wangu ale sitriki?"

"Kata mabingobingo ya mzee, yale ya huku juu. Kata mpaka ya kwako yachipue."

"Ya mzee? Umemwomba lini?"

Atupokile akageukia jikoni kutafuta diaba. Mama Amoni akamtazama kwa heshima ambayo hakuwahi kuwa nayo kwake, akabeba ndoo yake tupu, akaondoka mbio, makalio yakipigana na kitenge.

*

Atupokile alikuwa jikoni akijaza maji kwenye diaba aliposikia bodaboda, kisha kikohozi. Miguu ikamrudisha nyuma ya mlango yenyewe. Kwenye ufa aliona viatu vya mzee, mgongo wa mzee, na dumu jeusi lililofungwa kwa mfuko wa nailoni. Mzee alivua koti, akalikunja, akaliweka ngazini. Akachukua brashi pana. Hakuona lile doa. Lilikuwa mbele kabisa mlangoni, naye alianzia mwisho mwingine, ubavuni, karibu na jiko. Akafungua dumu.

Kostiki unaituliza. Oili chafu ikishaingia kwenye ubao haitoki tena, hata ulie.

Bibi Ikupa hayupo wa kumtuma. Tulia hayupo. Mama Amoni hajarudi. Mzee aliinamisha dumu, na uzi mwembamba mweusi ukaanza kujitokeza mdomoni mwa dumu.

Jikoni kulikuwa na kuku tetea, amefungwa mguu akisubiri Jumamosi.

"Wewe kuku!" Atupokile akapaza sauti, kubwa kuliko alivyokusudia, na kuku akaruka. "Wewe kuku, mwambie baba asimwage!"

Dumu likasimama hewani.

"Kuku, mwambie baba mbao hazijafa! Zinaponyeka! Mwambie atazame mlangoni kwanza, halafu kama ataona nimesema uongo, amwage, na mimi begi langu nimeshalifunga!"

Matone ya oili yakaanguka kwenye nyasi, tap, tap. Atupokile alikuwa amefunika kichwa na uso kwa kanga yenye harufu ya pasheni. Kisha akasikia viatu. Vikaenda mbele. Vikakaa huko. Akasikia goti la mzee likilia alipoinama, na kidole kikikwaruza ubao.

Viatu vikarudi. Vikasimama karibu na nguzo ya baraza.

"Nguzo," mzee akasema. Sauti yake ilikuwa ya ajabu, kama ya mtu anayejaribu kiatu kipya. "Muulize huyo kuku, ile ni dawa gani?"

"Kuku, mwambie baba ni pasheni. Lakini tutatumia sitriki. Mama Amoni anauleta."

"Nguzo, Mama Amoni yupi? Yule mwenye picha?"

"Ndiye huyo, kuku."

Mzee akatoa sauti puani. Hakuna aliyejua kama ni hasira au kitu kingine.

"Na kuku, mwambie baba," Atupokile akaendelea, maana aliyevuka mto ameshalowa, "nimempa Mama Amoni mabingobingo yake bila kumwomba. Kwa sababu ya kwake niliyaunguza mimi."

Mzee alifikiri. "Nguzo," akasema, "mwambie na ya bondeni akate. Hayo ya juu ni membamba."

Akafunga dumu.

*

Mama Amoni alipofika na kopo lake alikuta mambo ambayo angeweza kuyasimulia mpaka kaburini: mzee mzima, tena mzee wa kanisa, anazungumza na nguzo, na mkaza mwana anamjibu kupitia kuku. Alifunga mdomo kwa kiganja. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakutoa simu.

Wakakoroga unga kwenye maji ya vuguvugu. Mama Amoni akawa mkalimani, akikimbia huku na huku. "Baba, anasema usisugue na stilwaya, zinaacha kutu, tumia brashi ya katani. Anasema mwagia, subiri kidogo, sugua kufuata mistari ya ubao, ndipo usuuze." "Mama Nsajigwa, baba anasema hayo ya kufuata mistari alikuwa anayafanya kabla hujazaliwa." Hata hivyo akayafanya kama alivyoambiwa.

Mzee alianza ubavuni. Atupokile alianza mbele, kutoka ngazini. Kona ya nyumba ikawa kati yao, hakuna anayemwona mwenzake. Maji ya sitriki yalimwingia Atupokile kwenye vidole vilivyochubuka, akauma kanga kwa meno, akaendelea. Ubao wa kwanza ulitoka mwekundu-mwekundu, wa pili ukatoka rangi ya asali, na kadiri alivyosonga mbele weusi ulikimbia mbele yake kama maji machafu yanavyofagiliwa.

Jua lilipoanza kulegea Mama Amoni alikumbuka kukamua, akaondoka. Wakabaki wawili. Brashi ya huku ikisugua, ya kule ikisugua. Ya huku ikipumzika, ya kule nayo ikipumzika.

"Nguzo," sauti ya mzee ikatoka ng'ambo ya kona. Ilikuwa karibu sasa. "Mwambie huyo ambaye hayupo jikoni tena. Meneja alikuwa akinisimamia hapa akiwa amevaa mabuti. Aliyaacha makusudi yenye matope, nisugue nyuma yake."

Atupokile hakuwa na kuku. Alitazama brashi yake. "Brashi, mwambie baba nimesikia."

"Jana nilipotazama ile picha sikuona mbao. Niliona yale matope." Akasugua kidogo. "Neno la Mpuguso lilitoka hapo. Halikutoka kwako."

Alisema "kwako." Hakuna nguzo inayoitwa hivyo. Wote wawili walisikia, na wote wawili wakasugua kwa nguvu kidogo, kufunika.

Walikutana kwenye ubao wa kona. Mikono kwanza, mkono wa mzee wenye mishipa, mkono wa Atupokile wenye damu vidoleni, kila mmoja na brashi yake, ubao mmoja. Atupokile akainamisha kichwa na kuvuta kanga usoni. Mzee hakukohoa. Aliitazama ile mikono kwa muda, akainuka kwa shida, akaingia ndani.

Vanishi haitapakwa kabla ya Jumamosi. Hilo lilikuwa wazi, kwa sababu mvua ya Tukuyu haisubiri mtu, na ubao mbichi hauli vanishi. Wakwe watakalia mbao tupu. Atupokile alikuwa anasuuza mwisho mwisho mvua ilipoanza, kubwa, ya upande, ikimsaidia kazi na kumlowesha mgongo. Bibi Ikupa na Tulia walirudi na mizigo, wakaingia mbele wakikimbia, wakapiga kelele za mshangao walipoona mbao. Mama Amoni akafuata na jagi la maziwa ya jioni, sufuria kichwani badala ya mwavuli, naye akaingia bila kukaribishwa kama kawaida yake. Ndani taa ikawashwa. Harufu ya ndizi na maharage ikatoka dirishani, na sauti ya Mama Amoni ikaanza kusimulia, ikimwigiza kuku.

Atupokile akakamua kanga yake. Begi lilikuwa bado uwanjani, limelowa. Akashuka ngazi ya kwanza ili alichukue na kuzunguka nyuma, kama siku zote.

Mlango wa mbele ukafunguka.

Mzee Ambindwile alisimama kizingitini. Alikuwa mfupi kuliko mgongo wake ulivyoonyesha. Alikuwa na macho mekundu ya mzee, na kovu dogo kidevuni ambalo Atupokile hakuwahi kujua kwamba lipo.

"Atupokile," akasema.

Atupokile akashtuka kusikia jina lake mdomoni mule. Ndani, Mama Amoni akanyamaza katikati ya neno.

"Abee, baba."

"Mvua hiyo."

"Nazunguka nyuma, baba. Miguu yangu ina matope, nitazichafua mbao."

Mzee akatazama mbao, zimelowa, zina rangi ya asali chini ya mwanga wa taa. Akasogea pembeni, akaufungua mlango wote.

"Zitaoshwa tena," akasema. "Ingia ule, mwanangu. Ndizi zinapoa."